Mlango wa Chumvi na Sukari

Mwongeli Kiema alikuja kwetu kupika. Ilikuwa mwaka wa 1992, na shule yetu ya sekondari ilikuwa madarasa manne ya mabati na ua wa miiba, pale kwenye tambarare kati ya Kitengela na Isinya, ambako pundamilia walikuwa bado wanapita nyuma ya vyoo. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shule na karani wa kila kitu kingine. Jina langu ni Nelima. Barua yake ya kazi niliichapa mimi, ndiyo maana najua kwamba alikuwa na miaka thelathini, kwamba kwao ni Mbooni, na kwamba masomo yake yaliishia kidato cha pili.

Mumewe alichonga mawe kwenye machimbo ya karibu na mji. Mtoto wao, Kisilu, alikuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza, kwa hivyo sote tulimwita Mama Kisilu. Asubuhi alipika uji, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, na katikati ya hapo alifagia chumba tulichokiita maabara kwa heshima tu: meza tatu ndefu, kabati moja na mtungi wa gesi. Kufagia huko ndiko kulimkutanisha na Mwalimu Wangila.

Mwalimu Wangila alihamishiwa kwetu mwaka wa 1994 kufundisha biolojia. Alikuwa mtu wa Bungoma kama mimi, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na hakuvumilia kufundisha kitu ambacho mwanafunzi hajakiona kwa macho. Siku moja Mama Kisilu alimkuta amesimama mbele ya kabati, amekasirika. Alitaka kuwafundisha kidato cha pili jinsi vitu vinavyopita kwenye utando wa seli, na kwa somo hilo kuna mrija mwembamba wa plastiki unaonunuliwa Nairobi. Shule haikuwa nao, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia asubiri mwaka ujao.

"Hiyo kitu inafanya kazi gani, Mwalimu?" Mama Kisilu akauliza, ufagio mkononi.

Wangila hakuwa mtu wa kudharau swali. Akamweleza kwamba mwili wote umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kimezungukwa na utando. Utando huo hauachi kila kitu kipite. Maji hupita, vitu vingine vidogo hupita, vikubwa hubaki nje. Mrija ule una matundu madogo sana, kwa hivyo unaweza kuwaonyesha watoto jambo kama hilo.

Mama Kisilu akafikiri. "Si utumbo wa mbuzi unaweza kufanya hivyo? Ukiukwangua vizuri unabaki mwembamba kama karatasi. Hata mwanga unapita."

Wangila alicheka. Kisha akaacha kucheka, akafunga kabati.

Kesho yake Mama Kisilu alipita kwa wachinjaji kabla ya kuja kazini, akaleta utumbo ndani ya mfuko wa nailoni. Aliuosha, akaugeuza, akaukwangua kwa mgongo wa kisu kama watu wanavyotayarisha mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na kuchomwa. Wangila akaujaza uji mwepesi uliochanganywa na glukosi, akafunga ncha zote mbili kwa uzi, akauzamisha kwenye bika la kioo lenye maji ya vuguvugu. Baada ya muda akatia iodini kwenye yale maji. Iodini ikikutana na wanga hugeuka buluu iliyokolea, na maji yote yakageuka buluu. Maana yake uji ulikuwa umevuja.

"Umetoboa," Wangila akasema.

"Nimetoboa," Mama Kisilu akakubali. "Nitaleta ingine."

Wa pili ulishika. Maji ya nje yalibaki na rangi ya kahawia ya iodini, na uji wa ndani ndio uliogeuka buluu, kwa sababu iodini ilikuwa imepenya ikaingia huku wanga ukishindwa kutoka. Wangila akachukua maji mengine ya nje kidogo, akayachemsha na dawa ya kupima sukari, na yakageuka rangi ya tofali. Glukosi ilikuwa imetoka. Wanafunzi walisukumana kuangalia. Mama Kisilu alisimama mlangoni na aproni yake, na siku hiyo githeri iliungua kidogo. Hakuna aliyemlaumu.

Kuanzia hapo Wangila hakufanya somo la vitendo bila yeye. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu aliajiri mpishi mwingine na nikachapa barua ya pili ya Mama Kisilu: mhudumu wa maabara. Alinunua daftari. Akimaliza kupanga vyombo, alikaa nyuma ya darasa kwenye kigoda, na wanafunzi wakazoea.

Somo lililomgusa zaidi lilikuwa la viazi. Wangila alikata vipande viwili vilivyolingana, kimoja akakiweka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Kabla ya kipindi kuisha, cha kwanza kilikuwa kimejaa na kuwa kigumu, cha pili kimenywea na kupindika kama kipande cha mpira. Akawaeleza kwamba maji hukimbilia upande wenye chumvi nyingi. Chumvi ikiwa nyingi nje ya seli, maji huiacha seli na kutoka.

Mama Kisilu hakuandika chochote siku hiyo. Wanafunzi walipoondoka alibaki na kile kiazi kilichonywea mkononi. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua orodha ya vifaa, kwa hivyo nilisikia.

"Mwalimu, kliniki wanasema mtoto akihara apewe maji ya chumvi na sukari."

"Ndiyo."

"Kama chumvi inatoa maji kwa kiazi, mbona mtoto anapewa chumvi? Si atakauka zaidi?"

Wangila alikitwaa kile kiazi, akakigeuza. Alikuwa amefundisha biolojia miaka tisa.

"Sijui," akasema. "Najua inasaidia. Kwa nini inasaidia, sijui. Nipe siku chache."

Zilikuwa wiki mbili. Alienda Nairobi Jumamosi moja, akakaa maktaba mchana kutwa, akarudi na kurasa nne alizoandika kwa mkono. Jumatatu alimkalisha Mama Kisilu kwenye meza ya mbele kabisa na akanitaka nami nikae, nadhani kwa sababu alitaka kuhakikisha kwamba anaeleweka.

Akachora utumbo, na kwenye ukuta wake akachora seli zilizopangwa kama matofali. Utando wa seli, akasema, umetengenezwa kwa mafuta, na chumvi haiwezi kupita kwenye mafuta peke yake. Inahitaji mlango. Utando una milango mingi, kila mmoja na kazi yake. Kuna mmoja ambao hauifungulii chumvi ikija peke yake, wala sukari ikija peke yake. Zikija pamoja, mlango unafunguka na zote mbili zinaingia. Zikishaingia, maji yanazifuata, kutoka utumboni kwenda mwilini.

"Kwa hivyo sukari si ya utamu," Mama Kisilu akasema.

"Si ya utamu. Ndiyo inaipa chumvi nafasi ya kuingia. Lakini lazima iwe kwa kipimo. Ukizidisha chumvi, nyingi itabaki utumboni, na maji ya mwilini yatatoka kuifuata. Hapo mtoto atakuwa kama kile kiazi chako."

"Na mtoto akihara sana? Huo mlango hauharibiki?"

Wangila akatazama karatasi yake kabla ya kujibu. "Kuna milango mingine inayoharibika. Lakini huu, hata akihara sana, bado unafanya kazi. Ndiyo maana hiyo dawa inafaa."

Mama Kisilu akaweka kalamu chini. Kisha akatuambia kwamba kabla ya Kisilu alikuwa na mtoto mwingine. Alikuwa msichana, aliitwa Mbula, na mwaka wa 1984, mwaka wa njaa, alishikwa na kuhara akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mama mkwe wake alisema asinyweshwe maji, kwa maana kila akinywa anahara zaidi. Majirani wote walisema hivyo hivyo. Mtoto alililia maji siku mbili, na yeye mamake alificha kikombe nyuma ya mlango ili asikione. Siku ya tatu hakulia tena.

"Maji yalikuwepo," akasema. "Nilikuwa nayo kwa nyumba."

Wangila alikuwa mzee wa kanisa na alijua maneno mengi ya kufariji, lakini hakutumia hata moja. Alisema tu, "Hukujua, Mama Kisilu. Hata mimi mwalimu juzi sikujua." Kisha akamwachia zile kurasa nne. Sikuwahi kumsikia Mama Kisilu tena akimtaja Mbula mbele ya watu.

Mvua kubwa ilianza Oktoba ya 1997 na haikukoma hadi mwaka mpya ulipoingia. Watu wa Kitengela wanaikumbuka. Tambarare iligeuka ziwa, vyoo vya mashimo vilijaa na kumwagikia kwenye visima, na watu wakaanza kuhara kila upande. Shule ilipofunguliwa Januari, nusu ya wanafunzi hawakufika. Korongo lililo kati yetu na mji lilikuwa limejaa maji ya kahawia yanayokwenda kasi, na zahanati ilikuwa upande wa pili.

Asubuhi moja, kama saa tatu, Naipanoi aliingia kwenye uwanja wa shule akiwa amelowa hadi kiunoni. Tulimjua vizuri. Alikuwa mwanamke kijana ambaye boma lao lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, na ndiye aliyetuuzia maziwa ya chai. Siku hiyo hakuwa na maziwa. Mgongoni alikuwa na binti yake, Nashipae, wa miezi kumi na moja.

"Takwenya," Mama Kisilu akamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu kwa desturi tu, na hapo hapo akafungua shuka, akimwita mama kwa lugha yake. "Yeyo, angalia huyu mtoto. Nimefika kwa korongo, siwezi pita."

Nashipae macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na alipolia hakukuwa na machozi. Mama Kisilu akamfinya ngozi ya tumbo polepole. Ikabaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa.

"Ameanza lini?"

"Jana asubuhi. Lakini nimempa ile dawa ya maji. Nimempa usiku wote. Anakunywa sana, hatosheki, anataka tu kunywa." Naipanoi akatoa chupa ya plastiki.

Mama Kisilu akaonja, na papo hapo akageuka kando akatema.

"Umeweka chumvi ngapi?"

Naipanoi akaonyesha ngumi yake. "Wamama walisema kwa foleni ya maji. Walisema chumvi inashika maji kwa mwili."

"Na sukari?"

"Sukari iliisha tangu Krismasi."

Nilimwona Mama Kisilu akifumba macho kidogo. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nimekaa kwenye ile meza ya mbele. Hakumgombeza Naipanoi. Alimwaga ile chupa nyasini, akasema, "Hiyo imekuwa nyingi sana, inamtoa maji. Si makosa yako. Mpe titi sasa hivi, mimi nachemsha maji."

Akawasha gesi ya maabara. Mimi nikaleta sukari ya chumba cha walimu. Kipimo cha lita kilikuwa kipo, kile cha Naipanoi mwenyewe cha kupimia maziwa, ambacho alikiacha jikoni kwetu. Lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Akaonja tena. "Chumvi yake isizidi ya machozi," akasema, akanipa nami nionje.

Akaanza kumnywesha kwa kijiko. Nashipae alitaka kunyakua kikombe chote, lakini Mama Kisilu hakumwachia. Alimpa kijiko, akangoja, akampa kingine. Baada ya dakika chache mtoto akatapika yote. Naipanoi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tumpumzishe dakika kumi," Mama Kisilu akasema. "Halafu tunaanza tena, polepole zaidi."

"Na bado anahara, yeyo."

"Wacha ahare. Sisi tunaendelea kurudisha."

Wangila aliingia akatazama, akauliza kama kuna anachoweza kufanya. Mama Kisilu akamwambia atafute gari litakaloweza kuvuka korongo, kwa maana mtoto aliyekunywa chumvi vile lazima aonwe na daktari. Wangila akavua viatu, akakunja suruali, akaenda kwa miguu hadi machimboni.

Tulikaa hapo asubuhi yote, kijiko kwa titi, titi kwa kijiko. Mara moja tu Mama Kisilu alinipa kijiko. Akatoka nje, akasimama ukutani chini ya paa akiangalia mvua, akarudi. Kama saa sita Nashipae alilia kwa hasira kwa sababu kijiko kilichelewa, na chozi moja likateremka shavuni. Naipanoi aliligusa kwa kidole kama kitu asichokiamini. Saa nane mtoto akakojoa kwenye shuka la mamake, na sisi wanawake watatu tukacheka kwa sauti hadi wanafunzi wa darasa la jirani wakachungulia.

Wangila alirudi na lori la mawe. Maji yalikuwa yamepungua kiasi, na lori lile refu likavuka. Zahanati iliwashikilia siku mbili. Tabibu wa hapo alipoambiwa habari ya ile chumvi, aliuliza ni nani aliyeigundua. Naipanoi akasema, "Mama wa shule." Siku ya tatu alirudi na Nashipae mgongoni, amechangamka, anavuta shanga za mamake.

Alichosema Naipanoi siku hiyo ndicho kilichoendeleza mambo. Alisema wanawake wa foleni ya maji bado wanatia ngumi ya chumvi. "Mimi wataniambia ni mtoto. Wewe ukikuja, mimi nitasema kwa Kimaasai."

Jumamosi hiyo walikwenda pamoja. Mama Kisilu alibeba viazi, kisu na mabakuli mawili, akakata vipande viwili, akaweka kimoja kwenye maji ya chumvi nyingi, kingine kwenye yale ya kipimo, na huku wakingoja akaeleza habari ya mlango. Naipanoi alitafsiri, na kila mara maneno yake yalikuwa marefu kuliko ya Mama Kisilu. Kikongwe mmoja akala kile kiazi cha kipimo kabla ya muda kuisha, ikabidi waanze upya. Mwingine akauliza mlango huo uko upande gani wa tumbo. Mama Kisilu akamwambia ni milango mingi mno, imejaa ukuta wote, na kikongwe akaridhika. Walikwenda boma baada ya boma hadi mvua zilipokwisha, kisha mwaka uliofuata kiangazi kilipoleta kuhara kwa njia yake nyingine, wakaenda tena. Sina hesabu ya watoto. Najua tu kwamba ile ngumi ya chumvi ilikwisha upande wetu.

Mwaka wa 2001 Wangila alihamishiwa Ngong. Kabla ya kuondoka alimwambia Mama Kisilu afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje.

"Na hii miaka yangu?" akauliza.

"Hiyo hawasahihishi," Wangila akasema.

Alisoma miaka miwili, akiamka mapema kabla ya mumewe kwenda machimboni. Hesabu ilimtesa hadi akalia. Kiswahili nilimsaidia mimi. Mwaka wa 2003 alifanya mtihani wa biolojia ya vitendo katika maabara ile ile, na kwa kuwa yeye ni mtahiniwa, kwa wiki nzima hakuruhusiwa kuingia kupanga vyombo. Mtu aliletwa kutoka shule nyingine. Alilalamika baadaye kwamba bika lake lilikuwa chafu.

Alipata C. Biolojia alipata B. Alipanda gari hadi Ngong kumpelekea Wangila karatasi ya matokeo, naye Wangila aliisoma akiwa amesimama langoni, akaiita familia yake yote itoke nje, akaisoma tena kwa sauti. Walimchinjia kuku.

Chuo kimoja cha Nairobi kilimpokea kusomea kazi ya maabara ya hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na wenzake darasani walikuwa rika la Kisilu. Walimwita mathe, yaani mama, akawazoea. Alimaliza mwaka wa 2006, akapata kazi kwenye zahanati ya misheni upande wa Isinya, chumba kidogo chenye dirisha moja, darubini na kiti kirefu.

Nilimtembelea wiki yake ya kwanza. Aliniambia kwamba kitu cha kwanza alichokiona chini ya ile darubini kilikuwa kijidudu cha kuhara, kinaogelea, na kwamba alikitazama muda mrefu, akizungusha lenzi huku na huku, hadi mgonjwa akachungulia kuuliza kama majibu yake yako tayari.